Kwaya ya Kitaliano na Mawe Yaliyochoka

Sisi tuliokua wakati redio ya kaseti inavalishwa kitambaa cha kufuma kama bibi harusi, tusogee hapa tukumbushane. Ninyi wengine mnaopekua nyimbo elfu kwa kidole gumba, kaeni pembeni kidogo, leo naongea na wenzangu. Wenzangu mnaojua kwamba kalamu ya wino kazi yake ya kwanza ilikuwa kurudisha kaseti nyuma, kuandika kulikuja baadaye. Mnaojua kwamba betri zilikuwa zinaitwa mawe. Juzi nilimwambia mwanangu wa mwisho aniletee mawe ya tochi, akaenda uani akarudi na kokoto mbili, tena kaziosha.

Mimi sikusoma sana, na sioni haya kusema. Darasa la saba sikulimaliza, lilinimaliza lenyewe. Lakini leo ukishuka Tunduma uliza duka la vipuri la Mtaliano, utapelekwa mpaka mlangoni. Malori mawili ninayo, nyumba ya bati la rangi ninayo, na geti langu linafunguka bila kupiga kelele, nenda kawaulize wenye digrii kama yao yanafunguka hivyo. Watu wengi wanadhani niliwahi kuishi Italia. Mbali nilikofika mimi ni Lusaka, na nilirudi siku ileile mzigo ulipopatikana. Jina la Mtaliano nilipewa nikiwa na miaka kumi na miwili, na leo nataka kueleza nililipataje, maana kuna watu wanalisimulia kwa uongo, na kiongozi wao ni mdogo wangu wa kuzaliwa.

Nyumbani kwetu hakukuwa mbali na Mbozi Mission. Kahawa ilianzia nyuma ya jiko ikashuka mpaka mtoni. Sisi tuliolima kahawa tulikunywa chai, kahawa tuliijua kwa kuinyonya ganda likiwa jekundu, tamu, kisha mbegu unaitema kwenye kikapu kabla mama hajageuka. Asubuhi za Juni baridi ilikuwa inauma masikio. Mama alikuwa anatupa kila mmoja kiazi kitamu kimoja cha moto, unakitia mfukoni unashikilia njia nzima kwenda shule ili vidole viweze kushika kalamu, halafu saa nne unakila. Kiazi kimoja, kazi mbili. Watoto wa leo wana sweta, wana glavu, wana chakula cha shule, na bado wanachelewa namba ya asubuhi.

Michezo yetu tuliitengeneza wenyewe. Mimi nilikuwa bingwa wa kigari cha mbao. Ubao mmoja, beringi tatu zilizotupwa na malori barabarani, unapanda juu, unateremka mlima wa kanisani huku unaomba. Breki ilikuwa kisigino. Jino hili la mbele mnaloliona ni la kubandika, lile la Mungu lipo pale kwenye mtaro mpaka leo.

Sasa mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kuja na magari yao, baba aliuza vizuri, akaenda Tunduma akarudi amekumbatia redio ya kaseti yenye spika mbili. Aliiweka juu ya kabati, akaifunika kitambaa, akatuita sote akatuambia, "Hii hapa mnaiona. Mmeshaiona. Nendeni." Mama kila akituona tunaizungukia alikuwa anasema, "Baba yenu ana watoto sita na redio moja. Chezeni na kilicho kingi."

Kaseti zilikuwa tatu. Mbili za kwaya, na ya tatu ya dansi, ambayo katikati ya wimbo mzuri kuliko zote alikuwa anaingia mbuzi, kwa sababu baba alibonyeza kitufe chekundu bila kujua. Yule mbuzi tulimzoea. Mpaka leo nikiusikia ule wimbo mahali pengine bila mbuzi, naona wameukata.

Na mawe yalikuwa na maisha yake. Yakiwa mapya yanakaa kwenye redio. Yakipungua nguvu yanahamia kwenye tochi. Tochi ikiyakataa, yanakwenda saa ya ukutani. Saa ikisimama, mama anayaanika juu ya bati, jua liyapashe, na hapo yanarudi redioni kwa wimbo mmoja wa mwisho. Wimbo huo unaujua kabisa. Mwimbaji anaanza kijana, anamaliza babu.

Dada Eliza, mkubwa wetu, ndipo akachumbiwa. Mchumba alikuwa fundi seremala, mpole, hana neno. Neno lilikuwa kwa baba yake. Huyo alikuwa mzee wa kanisa, mrefu kama mlingoti, ambaye watu walisema hata kwenye harusi yake mwenyewe hakutoa meno nje. Alikuja nyumbani kupanga mambo, akanywa chai, akaweka kikombe chini akamwambia baba, "Mkwe, kwenye harusi ya mwanangu nikisikia muziki wa baa, nachukua watu wangu tunaondoka. Hata kama wali umeshaiva."

Baba akasema hakuna shaka.

Wiki mbili kabla ya harusi mama alinichukua Tunduma kununua nguo. Soko la mitumba lilikuwa lile la kusukumana, Wabemba kutoka ng'ambo wanaliita salaula, na ukifika belo linafunguliwa hujui mkono ulioshika shati ni wako au wa jirani. Mama akanichagulia koti jeusi la kitambaa kizito, mikono inapita vidole vyangu kwa kiganja kizima. Nikasema, "Mama, hili kubwa." Akasema, "Utakua humohumo."

Nilipolijaribu, kuna kitu kikanigonga mbavuni. Kwenye mfuko wa ndani nikatoa kaseti, ndani ya kasha lake, na karatasi yenye picha. Mama kwa uaminifu wake akamnyooshea muuzaji, mtu wa Kigoma mwenye kofia ya kufuma. "Baba, umesahau kitu chako humu."

Yule muuzaji akaitazama, akacheka. "Mama, koti nimekuuzia na mifuko yake. Kilichomo ni riziki ya kijana. Ningekuuzia na kiroboto ungenirudishia?"

Mama akasema, "Ningekurudishia na koti lake."

Wakacheka wote. Mimi niliishika ile kaseti njia nzima kama kiazi cha asubuhi. Picha ya juu ilikuwa ya kijana wa Kizungu yuko hewani, miguu juu, kichwa chini, na chini ya miguu yake ubao wenye magurudumu manne. Nikaelewa palepale. Kumbe na Ulaya wanateremka na vigari vya mbao! Tena wa kwao hawana hata pa kukalia. Maandishi sikuweza kuyasoma, lakini kijana yule nilimjua. Alikuwa anakaribia kupoteza jino.

Kesho yake baba alikwenda kwenye mashine ya kumenya kahawa. Mimi na mdogo wangu tukapanda kiti, tukavua redio kitambaa, tukatia kaseti. Mawe yalikuwa mapya ya wiki ileile.

Wenzangu, sijui nieleze vipi. Fikirieni mabati ya kanisa yote yanaporomoka kwa pamoja, na chini yake wanaume wanne wanakimbizwa na nyuki huku wanagombana nani aliuchokoza mzinga. Mpiga ngoma alikuwa anapiga kama anaua nyoka. Mdogo wangu alitoka nje mbio. Mimi nilizima nikakaa chini nikafikiri, kwa sababu kichwa changu tangu zamani ni cha ufundi. Nikajiambia, hakuna binadamu anayeweza kuimba kwa kasi hii. Kosa liko kwenye mawe. Mawe mapya yana nguvu nyingi, yanakimbiza mkanda.

Dawa yake ilikuwa wazi. Nikatoa mawe mapya, nikapanda juu ya bati la jiko nikachukua yale yaliyochoka, yale ambayo hata saa ya ukutani iliyakataa, yana joto la jua kidogo tu. Nikayatia. Nikabonyeza.

Na wimbo ukatoka. Pole pole, mzito, sauti nene za wanaume zinatoka chini kabisa, gitaa linavuma kama kinanda cha kanisani, na ngoma moja moja, kwa heshima. Mama alikuwa anapeta maharage nje. Akasimamisha ungo. Akasema, "Hiyo kwaya ya wapi?"

Sikujibu upesi, kwa sababu alitakiwa kuniuliza kwanza nani aliniruhusu kugusa redio. Alisahau kabisa. Alikaa mlangoni akasikiliza mpaka mawe yalipokata roho.

Tukamwita Mzee Makaroni. Huyu zamani alikuwa mpishi wa Wataliano waliolaza bomba la mafuta linalopita kwenda Zambia, na kwa sababu hiyo alijulikana kata nzima kama mtu anayejua Kitaliano. Hakuna aliyewahi kumpima. Akaja, akainamisha sikio kwenye spika, macho kafumba. Mawe nilikuwa nimeyaanika tena.

"Kitaliano hiki," akasema. "Kitaliano safi."

Mama akauliza, "Wanasemaje, mzee?"

"Hapo anasema mama."

"Ehe?"

"Hapo anasema... chumvi."

"Chumvi?"

"Kidogo." Akasikiliza tena. "Hii ni kwaya ya wanaume watupu. Kwao wanaimba hivihivi, kwa taratibu, wamesimama. Mimi niliwapikia, nawajua."

Basi ikawa imekwisha. Mtu aliyewapikia Wataliano kasema ni kwaya, nani abishe? Mama akaanza kuimba ile sauti nene akichuma kahawa, maneno anatia yake. Baba alipoambiwa alitaka kukasirika, akasikiliza nusu wimbo, akasahau kukasirika. Akaenda mpaka kwa mkwe wake kwa miguu kumwambia, "Binti yetu ataingia uwanjani na kwaya kutoka Ulaya. Hata Vwawa hawana." Mkwe akasema, "Kwaya?" Baba akasema, "Kwaya. Ya wanaume watupu." Alitoa neno lake, na baba yangu alikuwa mtu wa neno. Aliporudi akanishika bega. "Ayubu, wewe ndiye utakayebonyeza. Ukiniaibisha, utahamia kwa shangazi yako mpaka uote ndevu."

Siku ya harusi nilivaa koti langu, mikono nimeikunja mara tatu. Watu walitoka kanisani mchana wakajaa uwanjani kwetu. Utaratibu wa bibi harusi kwetu mnaujua. Hacheki, haangalii watu, anatembea kama amebeba maji kichwani yasiyotakiwa kumwagika. Kutoka nyumba ya shangazi mpaka kwenye viti vya wakwe ni hatua kama sitini, na bibi harusi mwenye adabu anaweza kuzitembea mpaka chai ikapoa. Kwa hiyo wimbo wangu ulikuwa unafaa kama umeshonwa.

Redio iliwekwa juu ya meza, kitambaa kimefuliwa. Baba mkwe alikuwa amekaa mbele, mikono juu ya fimbo. Shangazi wakatoka na dada Eliza, shela imefunika uso. Baba akanikonyeza. Nikabonyeza.

Mabati yakaporomoka.

Kuku wa jirani walipita katikati ya wageni. Mtoto mmoja alilia na mmoja akaanza kucheza. Mimi nikataka kuzima, nikabonyeza kitufe kingine, sauti ikazidi. Nikamwangalia baba. Baba amekauka. Nikamwambia kwa midomo, "Mawe!" Naye akanijibu kwa midomo, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya jambo jema, "Mapya!" Alikuwa amenunua mawe mapya manane kwa ajili ya heshima ya wakwe, ameyatia mwenyewe asubuhi, na yale yangu yaliyochoka, ambayo nilikuwa nimeyaanika tangu alfajiri nikayapanga ndani kwa mkono wangu, ameyatupa chooni.

Baba mkwe akasimama. Akanyoosha fimbo kuwaita watu wake. Ukoo mzima wa upande ule ukaanza kutafuta viatu vyao.

Hapo ndipo dada yangu alipofanya kitu ambacho sitakisahau. Eliza alikuwa bingwa wa mbio shuleni, kila mtu alijua. Aliinua shela, akaona mkwe wake amesimama, akajua kabisa maana yake. Na alijua kitu kingine, ambacho mimi kwa miaka yangu kumi na miwili sikukifikiria. Mkwe akishapigiwa goti na mwali, hawezi kuondoka bila kuitikia. Ila lazima umpigie goti kabla hajageuza mgongo, na hatua zilikuwa zimebaki hamsini na tano.

Akashika gauni kwa mikono miwili, akaondoka.

Hakuwa anatembea tena. Wala sitasema alikimbia, maana alikuwa anaenda na ule muziki, kila ngoma mguu mmoja, na ngoma zilikuwa nyingi. Shangazi zetu wakashtuka, wakaona asiachwe peke yake, wakamfuata hivyohivyo na vitenge vyao, vumbi linatimka, mmoja akapiga vigelegele kwa hofu tu, na wengine wakadhani ndiyo utaratibu, wakaitikia. Uwanja mzima ukalipuka. Eliza akafika, akateleza magoti yote mawili mbele ya yule mzee, ambaye mguu mmoja ulikuwa umeshageuka kuelekea njiani.

"Shikamoo, baba."

Nikapata kitufe. Muziki ukazimika.

Mzee alimwangalia mwali pale chini, anahema, shela imeenda upande. Akaangalia redio. Akauliza, bila kumtazama mtu, "Hii ni kwaya gani?"

Ndipo nikamsikia Mzee Makaroni kutoka viti vya nyuma, sauti imetulia kama mtu anayeeleza njia ya kwenda dukani.

"Ni ileile, mzee. Kwaya ya Wataliano. Ila leo wamesikia ni harusi, wamefurahi."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia. Yule mzee akavuta pumzi ndefu kwa pua. Akamwangalia tena Eliza.

"Marahaba, mwanangu," akasema. Kisha akarudisha ule mguu wake, akaketi. "Mwali ana mbio," akamwambia mke wake. "Huyu hatachelewa ibada." Na wale waliokuwa karibu wanaapa kwamba alitoa meno nje, mawili.

Wali ukaliwa. Watu walinizunguka wakaniambia, "Wewe Mtaliano, hebu rudisha!" Nikarudisha kwa kalamu, ili nitunze mawe, na shangazi zangu walicheza ule mwendo mara nne. Jina likanishika hapo, halikutoka.

Wageni walipopungua baba aliniita nyuma ya nyumba. Nikajua naenda kwa shangazi. Akaniuliza, "Siku zote zile, ile sauti nzito, ilikuwaje?" Nikamweleza yote, mawe mapya, mawe yaliyochoka, bati la jiko. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ulikuwa unanisikilizisha watu wanaokata roho?"

"Ndiyo, baba."

"Na mimi nikaenda kwa miguu kuwasifia."

"Ndiyo, baba."

Alikaa chini palepale kwenye gogo akacheka, akacheka mpaka mama akaja kuangalia kama kuna msiba.

Sasa mwanangu wa kike yuko chuo. Likizo alikuja, nikamwonyesha ile kaseti, maana ninayo, iko dukani kwenye kabati ya kioo pamoja na beringi za bei kubwa. Akapiga picha kasha, akagusagusa simu yake, na kabla sijamaliza kunywa chai mabati yakaporomoka dukani kwangu, vilevile. Nikamwambia, "Punguza kasi, simu yako ina chaji nyingi." Akacheka sana. "Baba, hiyo ndiyo kasi yao. Muziki huu unaitwa panki. Wanapiga kwa ajili ya wale wa vigari vya mbao. Wala hawa sio maarufu, hata kwao hawajulikani sana."

Nikamwambia, "Mbozi wanajulikana."

Basi nikakaa na jambo hilo. Miaka yote hii, nikiwa na heshima yangu na malori yangu, nilikuwa naamini wimbo wenyewe ni ule wa pole pole, na wa harusini ulikuwa hitilafu. Kumbe siku ya harusi ndiyo siku pekee tuliyousikia sote. Na niseme ukweli, bado naupenda ule wetu. Binti akanifanyia, simu inaweza kupunguza kasi kwa kidole, lakini haikuwa yenyewe. Ilikuwa pole pole tu. Haikuwa imechoka.

Hicho ndicho watoto wa leo hawatakijua. Simu zao zinaimba kwa nguvu ileile mpaka dakika ya mwisho, kisha zinazima ghafla, hazikuagi. Redio yetu ilikuwa inaaga. Ilikuwa inashuka sauti kidogo kidogo, ikakupa muda wa kuita wengine waje wasikilize.

Baba alikwenda hivyo. Mwaka wake wa mwisho sauti ilishuka, ikawa nzito, maneno yanatoka moja moja, kwa heshima. Dada Eliza alikuja, magoti yake siku hizi yanamsumbua, akakaa upande mmoja wa kitanda, mimi upande mwingine. Baba akaniangalia akasema, neno moja, ukapita muda, neno la pili, "Mawe... yamechoka... Mtaliano." Eliza akacheka huku analia. Mimi mnanijua, kwa fedha yangu nilikuwa nimeshampeleka kila hospitali iliyotajwa. Asubuhi ile jua lilikuwa limetoka vizuri, linapiga bati la jiko. Nikambeba mwenyewe, alikuwa mwepesi kama redio, nikamtoa nje, nikamweka kwenye kiti pale jua linapofika. Akafumba macho. Uso ukapata joto. Akaanza kuuvumisha puani ule wimbo, kwa ile kasi yetu, nasi tukausikiliza mpaka ukafika mwisho.